Ligi Isiyo na Marudiano

Neno ligi tumelitoa kwa Waingereza na tumelizoea, na wapenzi wa mpira wa miguu wanaijua vema maana yake. Timu ikija kwetu mwezi wa tisa, nasi tutakwenda kwao kabla msimu haujaisha. Aliyeonewa ana siku ya kuingojea, na aliyeshinda kwa bahati ana siku ya kuumbuliwa. Katika mpira wa kikapu tunalo shindano liitwalo Ligi ya Taifa, ambalo wenyewe hulitaja kwa herufi za Kiingereza, NBL. Nimelifuatilia kwa miaka kadhaa nikiwa hapa Dodoma, na kwa kipimo hicho nathubutu kusema kwamba halistahili jina lake. Timu za mikoa hupanda mabasi, zikakutana katika mji mmoja, zikacheza asubuhi hadi usiku kwa siku chache, bingwa akapatikana, kombe likapigwa picha, na mabasi yakaondoka. Mpenzi wa kikapu wa huku nyanda za kati hubaki na mwaka mzima wa kusubiri.

Sina nia ya kuwabeza wanaoliandaa. Nchi hii ni kubwa, na fedha za kikapu ni kidogo. Kutoka Mtwara hadi Bukoba ni safari ya kumchosha hata dereva wa lori. Ukiambiwa upange ratiba ya nyumbani na ugenini kwa timu zilizotawanyika hivyo, nawe utaishia kusema wote wakusanyike mahali pamoja, wamalizane, warudi kazini. Watu hupenda kutupigia mfano wa Rwanda, ambako ligi ya kikapu huchezwa kwa miezi, na ambako ukumbi wa watazamaji 10,000 ulifunguliwa Kigali mwaka 2019, kisha mwaka 2021 ukapokea msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Mfano ni mzuri, lakini msomaji akumbuke hesabu moja. Rwanda nzima ina kilomita za mraba 26,338. Mkoa wa Dodoma peke yake una zaidi ya 41,000. Ukiichukua nchi ile ukaiweka ndani ya mkoa wetu, bado itabaki nafasi ya kulima zabibu. Timu ya Kigali ikienda kucheza Huye, wachezaji hurudi kulala makwao. Nchi ndogo ina shida zake, lakini umbali si mmojawapo.

Basi tukubali kwamba umbali ni sababu ya kweli. Ninachouliza ni gharama yake kwa mchezo wenyewe, kwa maana hiyo haisemwi.

Kwanza, mchezaji. Siku moja baada ya mazoezi nilimwuliza mlinzi wa timu moja ya hapa, kijana mwenye mikono mepesi ambaye macho yake huona pasi kabla mwenzake hajaanza kukimbia, amecheza michezo mingapi mwaka ule. Akanijibu, "Ya kweli, mzee, au ya kirafiki?" Nikasema ya kweli. Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha, akaongeza kidole kimoja cha mkono wa pili. Michezo sita, yote ndani ya wiki moja. Miezi mingine yote alikuwa akifanya mazoezi ya mtihani ambao tarehe yake haijatangazwa.

Sasa mlinganishe na mwenzake wa Dar es Salaam. Ligi ya mkoa ule huenda kwa miezi. Kuna Pazi, Vijana, Savio, JKT na wengine, na kila wiki kuna mahali pa kwenda kutazama. Kwa maoni yangu ile ndiyo ligi halisi ya kikapu nchini, ingawa kwa jina ni ya mkoa mmoja. Mchezaji wa kule akikosea Jumamosi ana nafasi ya kujirekebisha Jumamosi inayofuata. Wa kwetu akikosea Jumanne asubuhi, Jumanne usiku yuko ndani ya basi. Tunashangaa kila mara kwa nini timu za Dar hutawala zikikutana na za mikoani, na watu husema ati kule kuna vipaji, au kuna chakula kizuri. Kule kuna michezo. Dar City ilipofuzu mwishoni mwa 2025, ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kupata nafasi ya kucheza BAL, katika msimu wa 2026. Nilifurahi kama Mtanzania yeyote, lakini hata jina la klabu hiyo linakuonyesha mlango uko upande gani.

Pili, mtindo wa uchezaji. Hapa niruhusiwe kukawia kidogo, kwa sababu ni jambo ninalolipenda na sijaona mtu akiliandika. Kikapu cha Dodoma kwa sehemu kubwa huchezwa nje, juu ya saruji, na Dodoma ni mji wa upepo. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa upepo hutoka upande wa mashariki alasiri yote, umebeba vumbi, na ukifika kiwanjani haumbagui mgeni na mwenyeji. Mpira uliorushwa kutoka mstari wa pointi tatu huenda juu vizuri, kisha huko juu hupewa maelekezo mengine. Vijana waliokulia hapa wamejifunza bila kufundishwa. Pasi zao ni fupi, za kudundisha chini. Huingia na mpira hadi karibu kabisa na goli na kuupiga kwenye ubao, kwa nguvu, badala ya kuuelea. Wakiwa wanaelekea upepo unakotoka hawapigi pointi tatu ila saa inapokaribia kuisha. Kwa kuwa pande hubadilishwa mapumziko, kila timu hupata robo mbili za kuwa na upepo mgongoni na robo mbili za kupambana nao, na kocha mwenye akili huzigawa nguvu za wachezaji wake kwa hesabu hiyo.

Ni mchezo mgumu, wenye migongano mingi, na wachezaji wake huumia magoti mapema kwa sababu saruji haisamehi. Usiutafute urembo wa kwenye televisheni. Lakini una akili yake, na ungestahili kukutana mara kwa mara na ule mchezo mwingine, wa wazoefu wa sakafu laini na paa juu, ili kila mmoja umfundishe mwenziwe. Novemba 2020, Kombe la Taifa la mikoa lilipochezwa hapa kwa udhamini wa benki ya CRDB, mji ulipata kuviona vipaji vya mikoa mingine. Ila mkusanyiko wa siku chache hauna nafasi ya kufundishana. Mgeni hushangazwa na upepo siku ya kwanza, siku ya tatu ameanza kuuelewa, na karibu siku anapoumudu shindano limekwisha.

Tatu, mamluki. Katika michezo yetu neno hili hutumika bila haya kwa mchezaji anayekodiwa kwa ajili ya shindano moja. Sina ugomvi naye. Ana familia, ana goti lenye miaka michache iliyobaki, na aliyemwita amemwahidi nauli na posho. Lakini shindano la wiki moja ndilo shamba lake lenye rutuba, kwa sababu wiki moja inatosha kushinda na haitoshi kuijua timu. Nimeona timu ikiwa na majina matano ambayo mwezi mmoja kabla yalikuwa ya mji mwingine. Mtazamaji wa kawaida, aliyekuwa akimshangilia kijana wa mtaani kwake, humwona ameketi benchi na taulo mabegani. Mwaka unaofuata mtazamaji huyo haji. Ukiwa na michezo ya miezi mitano, gharama ya kumweka mgeni ingekuwa kubwa kuliko gharama ya kumfundisha mwenyeji, na hesabu ingejirekebisha yenyewe bila kanuni mpya.

Kisha kuna kumbukumbu. Kikapu ni mchezo wa hesabu. Mezani huketi mtu mwenye karatasi, huandika kila pointi, aliyeifunga, na makosa ya kila mchezaji hadi la tano linalomtoa. Hakuna mchezo mwingine huku kwetu unaoandikwa kwa uangalifu kama huo. Lakini ukitaka kujua nani alifunga pointi nyingi miaka minne iliyopita katika kituo fulani, au kama kijana fulani amepanda au ameshuka, huna pa kuuliza ila kwa waliokuwapo, na waliokuwapo hubishana. Mhakiki wa mchezo kama huu hufanana na mhakiki wa ngoma za usiku. Anaandika juu ya kitu ambacho msomaji hawezi kwenda kukipima. Magazeti hayana lawama kubwa. Yatachapisha msimamo wa ligi gani, ikiwa msimamo huishi siku chache na kufa?

Na penye pengo la kumbukumbu huingia hadithi. Hadithi yetu kubwa ni Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliyeanza kucheza akiwa na umri wa karibu miaka 15 na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, akaenda Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Watani huko Marekani humtaja miongoni mwa chaguo lililokosewa. Mimi naona huo ni uonevu. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 alishindanishwa na watu walioshika mpira kabla ya kujua kusoma. Lakini kwetu hadithi yake imeleta mazoea mabaya. Kila kiongozi anayesimama kuhutubia hufungua shindano kwa kusema tunamtafuta Hasheem mwingine, kana kwamba wachezaji ni madini, ukichimba utamkuta amekwisha kukamilika. Yule mlinzi wa michezo sita hana urefu wa kutafutwa. Anachohitaji ni mchezo wa saba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikalamu haya. Tarehe 1 Agosti 2024 treni ya reli mpya kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilizinduliwa rasmi, baada ya kuanza kubeba abiria wiki moja kabla. Safari iliyokuwa ikichukua siku nzima kwa basi ikawa ya saa nne hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Wachezaji 12, kocha, msaidizi wake na mtu wa huduma ya kwanza ni watu 15. Kwenda na kurudi ni shilingi 930,000.

Tuseme kuna timu sita: mbili za Dar es Salaam, mbili za Morogoro, mbili za Dodoma. Kila timu ikicheza na nyingine nyumbani na ugenini, hiyo ni michezo 10. Timu ya Dodoma ingekuwa na mitano ya ugenini, lakini mmoja kati yake ni dhidi ya jirani, hapa hapa mjini. Miwili ya Dar ingechezwa Jumamosi na Jumapili, safari moja. Miwili ya Morogoro vivyo hivyo, kwa nauli ya chini zaidi. Msimu mzima ungegharimu safari mbili na malazi ya usiku mmoja mmoja. Nauli zote haziwezi kufika shilingi milioni mbili. Timu zetu hutumia zaidi ya hapo kulala na kula wiki nzima katika kituo cha mbali, zikapata michezo sita.

Najua nitakayojibiwa. Mwanza watasemaje, na Arusha, na Mbeya, na Kigoma? Ni swali la haki, na sitaki kulikwepa. Reli ingewapa watu wa miji mitatu kitu ambacho wengine hawana, na katika nchi iliyolelewa kwa kugawana sawasawa hilo linakera. Lakini kwa sasa tunachogawana sawasawa ni ukosefu. Mkusanyiko wa taifa ungeweza kubaki mwisho wa mwaka kama ulivyo, Mwanza na Arusha zikacheza zenyewe kwa zenyewe kwa kadiri barabara zinavyoruhusu, na timu zikafika kwenye mkusanyiko huo zikiwa zimekwisha kuchezacheza. Wanawake wangefaidika zaidi. Timu zao ni chache, na nimeona wakipangiwa kucheza saa ya jua kali ili usiku ubaki kwa wanaume.

Jibu jingine ni kwamba wachezaji wana kazi. Ni askari, wanafunzi, makarani wa serikali iliyohamia hapa. Hilo ndilo linaloitetea ratiba ya Jumamosi. Ruhusa ya siku nane mfululizo ndiyo inayomgombanisha mfanyakazi na mkuu wake. Hakuna anayeombwa ruhusa kwa Jumapili.

Na viwanja? Chinangali pana viwanja vinavyotosha kuanzia, na taa zikiwaka usiku upepo nao huwa umepungua. Lakini mimi ningependa mchezo wa kwanza uwekwe saa kumi alasiri, mwezi wa nane, timu ya Dar ikianza kwa kuelekea mashariki. Ingekosa mitupo mingi ya mbali kabla ya mapumziko, na wachezaji wake wangetazamana. Jumapili wangeanza kudundisha pasi chini.