Kivuli cha Neno "Rafiki": Tabaka, Rangi na Mapenzi ya Jinsia Moja katika Filamu Mbili Huru za Kenya

Katika sarufi ya Kiswahili, neno "rafiki" lina tabia ambayo wageni wa lugha huikosea mara kwa mara. Ingawa linataja mtu, kimilikishi chake hakifuati upatanisho wa ngeli ya watu: husemwa "rafiki yangu", kama inavyosemwa "dada yangu", "jirani yangu" na hata "adui yangu". Neno lenyewe halionyeshi jinsi ya anayetajwa. Wala kiwakilishi "yeye" na kiambishi cha nafsi "a-" havionyeshi. Mzungumzaji anaweza kusimulia kutwa nzima habari za rafiki yake, alivyokuja, alivyocheka, alivyolala, na msikilizaji asijue kama anayesimuliwa ni mwanamume au mwanamke. Wanuri Kahiu, mwongozaji wa filamu ya Rafiki (2018), amewahi kueleza kwamba aliichagua anwani hiyo kwa sababu nchini Kenya wapenzi wa jinsia moja hulazimika kutambulishana mbele ya watu kwa jina hilo tu. Anwani hiyo ni kivuli, na wahusika wa filamu wanaishi chini yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba kivuli hicho hakiwafuniki wote sawasawa. Nani anaweza kujificha ndani ya neno "rafiki", kwa muda gani na kwa gharama ipi, ni mambo yanayoamuliwa na tabaka, na mahali pengine na rangi, kabla ya kuamuliwa na mapenzi yenyewe. Filamu mbili huru za Kenya zinathibitisha hoja hii kwa njia mbili tofauti: Stories of Our Lives (2014), iliyoongozwa na Jim Chuchu, na hiyo Rafiki. Wahakiki wengi, hasa wa nje ya Afrika ya Mashariki, wamezisoma kama ushahidi wa hali ya mashoga "barani Afrika", kana kwamba bara zima ni mtaa mmoja. Usomaji huo unaheshimu ujasiri wa watengenezaji, lakini unazipuuza tofauti ambazo filamu zenyewe zimezichora kwa uangalifu mkubwa.

Ni vyema kutaja kwa ufupi historia ya kazi hizi, kwa kuwa imekuwa sehemu ya maana yake. Stories of Our Lives ilitokana na masimulizi ya Wakenya waliozungumza bila kutaja majina yao, yaliyokusanywa na The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi. Ina hadithi tano fupi, zote katika picha nyeusi na nyeupe, na kwa jumla huchukua takriban saa moja. Ilipoonyeshwa katika tamasha la Toronto mnamo Septemba 2014, watengenezaji wake, ambao hapo awali walikuwa wamezuia majina yao kwa sababu za usalama, walijitaja hadharani. Bodi ya kuainisha filamu ya Kenya iliizuia kuonyeshwa nchini. Rafiki nayo ilizuiwa mnamo Aprili 2018, siku chache kabla ya kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliondoa zuio hilo kwa siku saba, na watu wa Nairobi wakajaza kumbi za sinema.

Kabla ya kuzitazama filamu zenyewe, yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kina neno jingine la urafiki lenye historia ngumu zaidi. Katika mwambao, "shoga" ni jina ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenziwe aliye msiri wake. Humo mna upendo, utani na siri za vyumbani. Neno hilohilo likimwelekea mwanamume hugeuka kuwa lawama, na leo, hasa mijini bara, maana hiyo ya pili imekaribia kuimeza ile ya kwanza. Kwa hiyo lugha ina majina mawili ya rafiki: moja lisilosema lolote kuhusu jinsi, na jingine ambalo maana yake hubadilika kabisa kwa kutegemea jinsi ya anayeitwa. Halafu kuna kitenzi ambacho hakimfichi mtu. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mnyambuliko wa kutendwa umepewa kazi ya kutangaza jinsi ambayo viwakilishi vimekataa kuitangaza. Mapenzi ya Kiswahili yanaweza kukaa miaka mingi katika nomino bila kutambulika. Yakifika kwenye kitenzi cha ndoa, lazima mtu ajulikane ni nani.

Sehemu ya kwanza ya Stories of Our Lives ina anwani mbili, ya Kiingereza, Ask Me Nicely, na ya Nairobi, Itisha Poa. Anwani ya pili inastahili kutuliwa. Katika Kiswahili Sanifu "kuitisha" ni kufanya watu waitwe: mwenyekiti huitisha mkutano. Katika Kiswahili cha mitaa ya Nairobi kitenzi hicho kimehama, na maana yake sasa ni kuomba au kuagiza; mtu huitisha chai, huitisha pesa. "Poa", ambalo asili yake ni kitenzi cha kitu kupungua moto, limekuwa kielezi cha jambo kufanywa vizuri na kwa upole. Wasichana wawili wa shule, Kate na Faith, wanaopendana na kisha kutenganishwa na uongozi wa shule, hawazungumzi lugha ya vitabu vyao vya kiada. Ombi la mapenzi linatamkwa kwa lugha ya kuagiza chai, na kwa sababu hiyo linakuwa jambo la kila siku. Ni katika hatua ndogo kama hizi ambapo filamu inajibu dai kwamba mapenzi ya aina hii ni ya kigeni. Haitoi hotuba, inayasema kwa lugha ambayo hakuna mgeni angeweza kuitunga.

Uzito wa tabaka unaonekana zaidi mtazamaji anapoziweka pamoja hadithi mbili ambazo filamu haizilinganishi waziwazi. Katika Athman, Ray na Athman ni vibarua wa shamba na marafiki wa muda mrefu. Ray anampenda Athman kwa namna ambayo Athman hawezi kuirudisha, na anapoona mwenzake anavutiwa na Fiona, msichana mgeni, anabanwa na uamuzi mgumu. Kisa ni chepesi, na huenda ndicho chenye maneno machache kuliko vyote. Lakini mazingira yanasema. Hawa ni watu ambao kazi, njia na saa zao ni za pamoja. Hakuna mahali ambapo Ray anaweza kuupeleka moyo wake usionekane na yule aliyeujeruhi. Neno "rafiki" hapa halifichi chochote kutoka kwa jamii, kwa kuwa jamii haijauliza. Linamfunga Ray mwenyewe. Analo, linakubalika na kila mtu, na ndilo pekee atakaloruhusiwa kuwa nalo.

Katika Duet, Jeff yuko katika chumba cha hoteli mbali na kwao. Amepanga na kuweka akiba mwaka mzima ili atimize ndoto moja: kuwa na mwanamume wa rangi nyingine. Anamsubiri Mzungu aliyemlipia. Hapa mpangilio uliozoeleka umepinduliwa. Katika fasihi na katika maisha ya fukwe zetu, aliyezoeleka ni mgeni mweupe mwenye fedha na kijana mweusi anayenunuliwa. Chuchu anampa Mwafrika fedha na hamu, kisha anamwonyesha kuwa fedha haikumwondolea woga. Tamaa ya Jeff imeumbwa na historia ambayo hakuichagua, historia iliyofanya weupe uonekane kuwa kitu cha kuwekewa akiba. Filamu haimkejeli kwa hilo, wala haimwoshi. Wazungumzaji wawili wanaanza wakiwa mnunuzi na mtoa huduma, na maongezi yao yanawapeleka mahali penye ubinadamu zaidi bila kufuta ukweli kwamba saa inahesabiwa na malipo yametolewa.

Hadithi hizi mbili zikisomwa pamoja, chumba cha hoteli kinapata maana yake kamili. Jeff ana mlango wa kufunga. Ray hana. Faragha ambayo wanasheria huijadili kama haki ya kila mtu inaonekana katika filamu hii kama bidhaa yenye bei, na bei yenyewe ni akiba ya mwaka wa mtu mwenye kipato. Hili ndilo jambo ambalo usomaji wa "Afrika na mashoga wake" hauwezi kuliona.

Run na Each Night I Dream zinaweza kupitiwa kwa haraka zaidi. Ya kwanza inamhusu Patrick, anayegundua baa ya mashoga na kuvutwa kuirudia licha ya msimamo wa Kama, rafiki yake mkubwa. Inashangaza jinsi neno la anwani ya Kahiu linavyojibiwa humu miaka minne kabla: rafiki wa kweli, yule asiye na siri nyuma ya jina, ndiye tishio. Katika ya pili, Liz anabuni mbinu za kutoroka pamoja na mpenzi wake Achi, wakati wanasiasa wanapotishia kuzitumia sheria. Ikumbukwe kuwa vifungu hivyo vya kanuni ya adhabu ya Kenya, vyenye adhabu ya hadi miaka 14, ni urithi wa utawala wa Kiingereza. Kichosha mawazo cha hadithi hiyo ni ulinganifu wake uliozidi. Ndoto zinapangwa kwa unadhifu kupita kiasi.

Rafiki inatumia mkakati mwingine. Badala ya nyeusi na nyeupe, Kahiu amefurika rangi: nguo za kufulia, nywele za Ziki, kuta za mtaa. Chanzo cha filamu ni hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo imeandikwa kama barua: Anyango anamwambia Sanyu "wewe" kutoka mwanzo hadi mwisho, na msomaji anasikiliza siri isiyomhusu. Filamu haiwezi kuwa barua. Mara kamera inapowekwa mtaani, siri inakuwa na mashahidi, na "wewe" wa Arac de Nyeko anageuka kuwa "wale pale". Upotevu huu Kahiu ameufidia kwa kuwafanya majirani kuwa sehemu ya kila fremu, hata zile ambazo wapenzi wanadhani wako peke yao.

Kena ni binti wa mwenye duka dogo. Ziki ni binti wa mtu mwenye uwezo zaidi. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi katika bunge la kaunti. Kena anaposema anataka kuwa muuguzi, Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Swali hilo ni la upendo, lakini pia ni la tabaka: anayeuliza amekulia katika nyumba ambamo kuwaza makubwa hakuna gharama. Mazungumzo yao ya siri, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiingereza, ilhali Kena akiwa na vijana wenzake wa mpira na karata anarudi katika Kiswahili cha mtaa. Mhakiki wa isimujamii angeweza kusema kwamba Kiingereza kimechaguliwa kwa ajili ya soko la nje, na asingekosea kabisa. Hata hivyo kuna maelezo ya ndani. Lugha ya mtaa ni lugha ya watu wote, na wote wanasikia. Kiingereza ni chumba cha hoteli cha wasichana hawa, nacho kina bei yake: ili wapendane inawabidi waitoke lugha ambayo ndani yake mmoja wao ni mwenyeji zaidi kuliko mwenzake. Itisha Poa ilikuwa imethubutu zaidi katika hili.

Siri inapofichuka na umati kuwapiga, adhabu zinagawanywa kwa mizani ya mali. Ziki anapelekwa London. Kena anabaki. Kinaya cha uamuzi huo hakijapewa uzito unaostahili. Jamii inayosema kwamba mapenzi haya yameletwa na Wazungu inampeleka binti yake kwa Wazungu ili apone. Hakuna mhusika mweupe anayehitajika ili rangi iwemo katika filamu. Imo katika tiketi ya ndege, katika imani kwamba Uingereza ni mahali ambapo aibu ya Mwafrika mwenye fedha huweza kufutika. Asiye na tiketi anaombewa hadharani mbele ya waumini.

Filamu ina udhaifu. Mama Atim, mwenye kibanda na mchongezi wa mtaa, ni mhusika bapa. Chuki yake haina chanzo zaidi ya haja ya njama. Mwanamke anayeishi kwa kuuza chakula kwa kila mtu angekuwa na sababu nyingi za kuwa makini na ulimi wake, na mwandishi wa muswada hakumpa hata moja. Kinyume chake ni Tom, kijana ambaye vijana wa mtaa humdhihaki tangu mwanzo na ambaye karibu hasemi neno. Baada ya kipigo, Kena anakaa naye benchi moja. Hawasemezani. Mtazamaji aliyekuwa akisubiri tamko atavunjika moyo. Aliyefuatilia suala la majina ataona kuwa hapa, kwa mara ya pekee, watu wawili wanajuana bila kuhitaji jina lolote, si rafiki wala shoga.

Kahiu amesimulia kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Ombi hilo lenyewe ni uhakiki wa kifasihi, na uhakiki makini kuliko ulivyokusudiwa, maana bodi ilitambua kwamba jambo zito katika kazi hii haliko kitandani. Miaka imepita, Kena anafanya kazi hospitalini, na miongoni mwa wagonjwa ni Mama Atim, asiyetaka kuguswa naye. Ni yeye, mchongezi yuleyule, anayempa habari kwamba Ziki amerudi. Kisha Kena yuko mlimani, juu ya mji. Sauti inamwita kwa jina lake, na mkono unatua begani mwake.