Fumbo na Kibandiko

Ushairi wetu haujaona haya kuficha. Mshairi wa pwani humwita mpenziwe ua, tausi au chombo, na wajuzi wakaketi barazani kufumbua. Lakini mtunzi huyo huyo, afikapo beti za tamati za utenzi, aghalabu hutaja jina lake, tarehe na idadi ya beti, kazi isije ikakosa mwenyewe. Hufumba maana, haki hafumbi.

Hulikumbuka hilo kila nisomapo habari za wapiga santuri wa kaskazini ya Uingereza. Katika kumbi kama Wigan Casino, iliyofunguliwa mwaka 1973 na kufungwa 1981, vijana walicheza muziki wa soul wa Wamarekani weusi hadi alfajiri. Aliyepata santuri adimu aliibandika karatasi juu ya lebo, akaupa wimbo jina la uongo, wapinzani wasijue waitafute wapi. Ndivyo wimbo wa Frank Wilson wa mwaka 1965, "Do I Love You (Indeed I Do)", ulivyochezwa kwa jina la Eddie Foster. Ukumbi ukamshangilia mtu mwengine.

Ujanja huo niliuona Pasua, mjini Moshi, nilipokuwa kijana mdogo, miaka ya 1980. Mpiga santuri mmoja wa harusini alikuwa na santuri yenye karatasi iliyogandishwa katikati. Siku moja ikabanduka, tukasoma: Koka Koka Sex Battalion. Tukajiona tumeipata siri. Kumbe hilo nalo lilikuwa kibandiko! Ndilo jina ambalo Vijana Jazz, bendi ya Dar es Salaam, ilitolewa nalo santuri Nairobi miaka ya 1970. Sauti ile ilikuwa ya Hemedi Maneti, tuliyemsikia redioni.

Simlaumu moja kwa moja mpiga santuri. Yeye ndiye aliyehangaika kuitafuta. Lakini kuna mizani ya kumpimia. Fumbo likifumbuliwa huzidi utamu. Kibandiko kikibanduliwa huisha thamani, kwa kuwa hakikuulinda wimbo, kilimlinda aliyeushika.

Nasi tusijifanye wasafi. Mara ngapi tumeisifu taarabu kwa jina la mwimbaji pekee, bila ya kuuliza mashairi yale ni ya nani? Hapo hatukuhitaji hata gundi.