Kosa la Ding lilikuwa hatua ya 29

Kila mtu anazungumzia ngome ya f2. Mnaikumbuka: Singapore, 12 Desemba 2024, mchezo wa 14 na wa mwisho wa ubingwa wa dunia wa sataranji, hatua ya 55. Bingwa Ding Liren anaweka ngome f2, mpinzani wake Gukesh anaila, askofu mweusi anatua d5 na taji limehama. Mimi sina ugomvi na hatua hiyo. Taji lilipotea hatua ya 29, na Ding alilitoa kwa mkono wake.

Rudini kwenye ubao Gukesh alipokwisha kusogeza g6. Vitunda ni vitatu kwa vitatu. Malkia wote wapo, ngome zote nne zipo, na kila upande umebaki na askofu wa miraba myeupe. Kitunda cha Ding cha b3 ni huru, hakina kitunda cheusi cha kukizuia. Kinashambuliwa, kweli, lakini ngome ya a3 inakilinda na ya d1 ina njia ya kupanda d3. Ding anamweka malkia d4, kwenye mshazari mrefu unaotazama h8, na Gukesh hana tena askofu wa kuziba f6 wala g7. Wako 6.5 kwa 6.5. Mwenye nyeupe akifika hapo hukaa, akatafuta namna ya kumsumbua mwenzake.

Ding akacheza b4. Alikitoa kitunda bure, akabadilishana malkia, akakimbilia a8 kubadilishana ngome, na hatua chache baadaye alikuwa na vitunda viwili dhidi ya vitatu, vyote upande mmoja. Alitaka sare, ili kesho yake waamuliwe kwa michezo ya haraka, ambako wengi waliamini yeye ndiye mwenye nguvu.

Watangazaji wakatuambia ni sare ya kitabuni. Hapa ndipo ninapokosana nao, na si mara ya kwanza. Sifuri ya kompyuta, yaani hesabu yake ya sare, ni ya kompyuta, isiyochoka na isiyoogopa kupoteza taji. Binadamu aliyepungukiwa kitunda kimoja hana cha kutafuta ila kutokosea, na mwenzake anaweza kujaribu mpaka usiku bila hatari yoyote. Tazameni ngome ya Ding: c4, b4, a4, tena c4, tena b4. Tazameni askofu wake: hatua ya 53 anamrudisha a8, kona ya mwisho kabisa ya ubao. Ngome f2 iliua kwa sababu hiyo tu. Gukesh alipoweka askofu d5, yule wa a8 hakuwa na mshazari mwingine wa kuponea. Kitunda kimoja dhidi ya viwili, wafalme peke yao, hapo hakuna wa kuokoa.

Gukesh, kijana wa miaka 18, alibana, akasubiri, akala. Kazi safi.

Huku Matumbi, mtoto wa Kipatimu anayefundishwa bao huambiwa mapema kwamba ukiwa na cha kula, lazima ule. Kutakata ni kwa asiye na cha kula. Sataranji haina sheria hiyo, kwa hiyo mwenye hofu anaweza kutakata mchana kutwa na bado tukamsifu kwa utulivu. Ndiyo maana nawalaumu walimu wanaowazoesha vijana kupeana mkono wa sare hatua ya 15, farasi hawajagusana, kisha wanashangaa kijana akibanwa hajui kujinasua.

Najua mtanitajia Petrosian. Petrosian alizuia, lakini alizuia kwa kutoa ngome apate askofu au farasi, na aliyepewa ngome hiyo ndiye aliyekosa pumzi. Kasparov mwaka 1985, mchezo wa 24, aliongoza 12 kwa 11 na sare ilimtosha kuwa bingwa. Alikuwa na nyeusi. Alichagua Sisilia, akapigana na Karpov, akashinda.

Na tusiende mbali. Astana, 30 Aprili 2023, mchezo wa nne wa haraka wa kuamua ubingwa wa dunia: Nepomniachtchi alikuwa anatoa shaha za kurudiarudia, sare iko mezani, dakika za Ding zimebaki chache. Hatua ya 46 akaziba kwa ngome g6, akaifungia ngome yake mwenyewe mbele ya mfalme wake, akaendelea kutafuta ushindi na akaupata. Mtu yule yule, miezi 19 tu kabla ya Singapore.

Hatua ile ya 29, badala ya b4, Ding wa Astana angecheza ngome d3. Gukesh akithubutu kukila kitunda cha b3 kwa askofu, ngome nyeupe inamla askofu, malkia mweusi anakula ngome, ngome ya pili inamla malkia, ngome nyeusi inalipa. Ding anabaki na malkia na askofu dhidi ya ngome mbili, zamu ni yake, na mshazari mrefu bado uko mikononi mwake.