Ufundi wa Kuisoma Nchi

Jiografia huchunguza kitu kilipo na sababu ya kuwa pale. Swali ni fupi, lakini kulijibu ni ufundi, nao hudai miguu, macho na mkono uliozoea penseli.

Ufundi huo hujifunzwa vizuri Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Jiwe la Tororo, lenye kimo cha mita 1,483 hivi kutoka usawa wa bahari, ni baki la volkano ya kale. Jirani yake huchimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, na vilima vya Sukulu vina fosfeti. Chokaa nyingi duniani ilitokana na viumbe wa baharini. Hii ya Tororo ilipanda kutoka chini ya ardhi ikiwa ya moto na majimaji. Asiyewahi kulishika jiwe lenyewe hulikubali jambo hilo kwa ajili ya mtihani tu.

Mito ina somo zito zaidi. Mto Sio huteremka hadi Ziwa Victoria. Malaba, unaotoka Mlima Elgon, hugeukia magharibi ukaingia Mto Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga. Kati ya mito hiyo upo mwinuko ambao abiria wa matatu hauhisi kabisa, ila ndio unaoyagawa maji ya mvua. Ya upande mmoja huenda Kyoga bila kuzunguka. Ya upande wa pili hupitia Victoria, yakatoka Jinja kwa Mto Nile, ndipo yakafika Kyoga hiyohiyo. Kontua za ramani ya 1:50,000 huonyesha haya yote kwa anayejua kuzisoma, na wanaojua wanapungua.

Kuhusu binadamu, mpaka wenyewe unatosha. Hadi 1902 Uganda ilifika Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakaihamisha sehemu yake ya mashariki kwenye eneo lililokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakabaki pande zote mbili. Reli ikafika Tororo miaka ya 1920, na Busia ikanenepa kwa biashara ya mpakani.

Simeon Ominde, mwanajiografia wa Kenya aliyesomea Makerere, aliandika mwaka 1968 kuhusu ardhi na mienendo ya watu. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa simu, ambayo humwonyesha msafiri foleni ya malori na kuishia hapo. Shuleni nako ziara za nje zimekuwa anasa, michoro hunakiliwa ubaoni, na mtoto wa Busia huvitaja viwanda vya Ruhr, Ujerumani, bila kujua Mto Sio unaishia wapi.