Asilimia 60 ya nini? Lugha ya utafiti wa uzazi

Tatizo kuu la habari za utafiti wa uzazi katika Kiswahili si uhaba wa istilahi, kama tunavyodai kwenye makongamano. Tatizo ni nambari isiyo na mwenyewe. Tunaambiwa hatari "imepungua kwa asilimia 60", sentensi ikakatikia hapo. Asilimia 60 ya nini?

Chukua utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023. Ulifanyiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuhusisha zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua bila kupasuliwa. Palipotumika mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo kukinga damu, na matibabu kutolewa kwa mkupuo, waliopoteza lita moja ya damu au zaidi, au kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu hiyo, walikuwa asilimia 1.6. Kwingineko walikuwa 4.3.

Sokoni Ogembo, muuza ndizi aliyesikia habari hiyo redioni aliniuliza: "Kwa hivyo, Prof, akina mama sitini kwa mia walikuwa wanakufa?" Swali la haki kabisa! Angeambiwa kwamba kati ya akina mama 1,000 walioathirika walipungua kutoka 43 hadi 16, asingeshtuka bure. Aidha, kuhusu vifo peke yake, tofauti iliyopatikana haikutosha kutoa uamuzi thabiti. Anayetangaza kwamba mfuko "umepunguza vifo kwa asilimia 60" hatafsiri, anabuni.

Hata hivyo, matokeo yaliyonivutia zaidi mimi mtu wa lugha hayakupigiwa debe. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wao wa kawaida, aghalabu kukadiria damu kwa macho, zilitambua takriban nusu tu ya waliovuja kupita kiasi. Zenye mfuko zilitambua 93 kwa kila 100. Yaani hata wataalamu hawakubaliani "nyingi" ni ngapi. Halafu sisi waandishi tunamwandikia mama wa Gucha: "Ukivuja damu nyingi, mwite muuguzi." Jamani, nyingi kama nini? Hadi mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilianzia mililita 500. Mbona hatukusema tu: chupa ya soda ya nusu lita?