Viingizo vya Fanksheni ya Mtumiaji: Uhakiki wa Maelezo ya SciPy

Mwandishi wa maelezo ya chombo ana wajibu mmoja mkubwa: kumwezesha mtu asiyekuwapo chombo kilipoundwa akitumie bila ya kukisia. Katika uhakiki huu tunakusudia kuupima wajibu huo katika maelezo ya SciPy, mkusanyo wa programu za hesabu za kisayansi zitumiwazo pamoja na lugha ya kompyuta iitwayo Python. Hatuutazami mkusanyo wote. Tunatazama mahali pamoja tu, pale mtumiaji anapotakiwa kuandika fanksheni yake mwenyewe na kuikabidhi kwa programu, ili ikokotoe jinsi kitu kinavyobadilika kadiri wakati unavyopita.

Kazi hiyo hufanywa na programu kadhaa, zikiwamo odeint na solve_ivp. Zote mbili hutaka fanksheni yenye viingizo viwili: wakati, na hali ya kitu kwa wakati huo. Lakini kwa kawaida yake odeint hutaka hali itangulie, ilhali solve_ivp, iliyoingia katika toleo la 1.0 mwaka 2017, hutaka wakati utangulie. La kustaajabisha ni kwamba odeint imejengwa juu ya LSODA, programu ya FORTRAN iliyomo katika mkusanyo wa ODEPACK wa miaka ya 1980, na katika LSODA yenyewe wakati ndio unaotangulia hali. Basi mpangilio uligeuzwa njiani.

Msomaji aweza kuuliza: kubadilishana nafasi kwa vitu viwili kuna madhara gani? Tutoe mfano. Tuseme miligramu 100 za dawa zimo mwilini, nazo hupungua kwa kasi ambayo kwa saa ni sehemu 0.1 ya kiasi kilichopo. Baada ya saa 10 zitakuwa zimesalia miligramu 37 hivi. Mwanafunzi akiiandika fanksheni hiyo kwa kutanguliza wakati, kisha akaikabidhi kwa odeint, kompyuta itauchukua wakati mahali pa dawa, nayo itajibu miligramu 95. Haitalalamika, kwa kuwa viingizo vyote viwili ni namba, na kompyuta haijui ipi ni saa na ipi ni dawa. Tena jibu hilo halina sura ya upuuzi: 95 ni pungufu ya 100, na dawa hupungua. Atakayelipokea atalipitisha. Kosa linaloonekana hurekebishwa. Lisiloonekana hufika kitandani kwa mgonjwa.

Haki itendeke. Maelezo ya odeint hayakuficha jambo hili. Yanaonya waziwazi kwamba mpangilio wake ni kinyume cha ule wa solve_ivp, na tangu toleo la 1.1 la mwaka 2018 mtumiaji aweza kuchagua, kwa kutumia tfirst, wakati utangulie. Lawama yetu ni nyingine. Penye maelezo ya fanksheni yenyewe, viingizo hutambulishwa kwa herufi tupu, y na t, na kwa nafasi zao. Maana ya t hupatikana mbele, katika maelezo ya kiingizo kingine. Kusema "cha kwanza" na "cha pili" humwonyesha mtu mahali pa kuweka. Hakumwambii anaweka nini.

Nasi wa upande wa istilahi tusijione tumesalimika. Wako wanaopendelea kukiita kiingizo "hoja", kwa sababu tu Kiingereza hutumia neno moja kwa mjadala na kwa hesabu. Katika Kiswahili hoja hutolewa, hujibiwa, au hupingwa. Namba inayotiwa katika fanksheni haijibiwi wala haipingwi. Huko ni kufasiri neno na kuiacha dhana. Tunapendekeza "kiingizo" kwa kila kinachotiwa, "kigeu huru" kwa wakati, "kigeu tegemezi" kwa hali, na "kigezo" kwa namba isiyobadilika muda wote wa ukokotoaji, kama ile 0.1 ya mfano wetu.

Kwa istilahi hizo maelezo ya odeint yangeweza kuandikwa hivi: "Fanksheni ya mtumiaji hupokea kwanza kigeu tegemezi, yaani hali ya kitu, pili kigeu huru, yaani wakati, kisha vigezo, iwapo vipo. Hurudisha kasi ya mabadiliko ya hali, wala si hali mpya. Kasi hiyo iwe katika vizio vya hali kwa kizio cha wakati." Sentensi tatu zinatosha. Kila kiingizo kimetajwa kwa maana, kwa nafasi na kwa kizio, na jibu linalotakiwa limetenganishwa na lile ambalo mwanafunzi hudhani linatakiwa. Baada ya hapo pawekwe mfano ambao jibu lake linajulikana, kama huu wa miligramu 37, ili mtumiaji aijaribu kazi yake kabla ya kuiamini.

Walimu na wafasiri wanaoandaa vitabu vya fani hii tunawaomba wayapime mapendekezo haya darasani. Neno litakalomfanya mwanafunzi aulize "hii ni saa au ni dawa?" kabla ya kompyuta kujibu, hilo ndilo tulisanifu.