Kwani shujaa wa kike harudi nyumbani?

Hapa Tabaka wanaume huchonga jiwe la sabuni, wanawake wakalisugua kwa msasa na maji hadi ling'are. Juzi binti wa sekondari, aliyekuwa akimsaidia mamake kusugua, aliniuliza: "Mwalimu, kwani shujaa wa kike harudi nyumbani?" Alikuwa ametazama filamu mbili za Kenya kwenye simu.

Ya kwanza ni Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu. Asha, msimamizi wa makumbusho, anaishi miaka 35 baada ya vita vya maji, katika jamii inayochuja hata jasho na mkojo ili ipate maji. Analetewa udongo wenye uhai, anaotesha mche, na wakubwa wanapomnyima ruhusa ya kutoka anatorokea jangwani. Ninampenda Asha. Hana mchumba wa kumwokoa wala urembo wa kutuuzia. Ana kazi anayoijua na swali lisilomwacha alale. Lakini anaumwagia mche maji yake ya mwisho, anaukinga jua kwa mwili wake, anakufa.

Ya pili, Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, ni ya Jo wa miaka tisa, mgonjwa asiyepona. Dadake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Nililia, sioni haya kusema. Hata hivyo nguvu za Jo ni za kuazimwa, naye pia anakufa.

Sasa mtazame Dzombo wa Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi. Yeye amehukumiwa kifo hasa, akatiwa kwenye chombo cha angani. Chombo kikamfikisha salama kwenye nchi bora. Mwanamume anatumwa kufa, anapona. Binti anatenda jema, anazikwa!

Mtanijibu kwamba mti wa Asha unakua, na kwamba kujitoa mhanga ni ushujaa. Sawa. Ila uzuri wa mwisho ule ndio unaonitia wasiwasi: ni yuleyule mama tuliyezoea kumsifu kwa kutoa hadi aishe, safari hii amevikwa mavazi ya karne ijayo. Na lugha yetu haina lawama hapa. "Shujaa" halibagui jinsia. Sisi ndio tunaoongeza "wa kike", kama nilivyofanya hapo juu.

Nilimwambia binti aandike hadithi yake mwenyewe. Akacheka, akarudia msasa wake. Nakiri nilikwepa: yeye alikuwa ameniuliza kuhusu Asha.